Yangeyange wa ng'ombe: Bubulcus au Ardea?

SWALI: Nafundisha Baiolojia sekondari huku Magu. Kitabu chetu cha zamani kinamwita yangeyange anayefuata ng'ombe Bubulcus ibis (Linnaeus, 1758). Orodha mpya niliyopakua inasema Ardea ibis Linnaeus, 1758, bila mabano. Ni ndege wawili, au wachapaji wamekosea?

JIBU: Mwalimu, ndege ni yuleyule, na mabano hayakudondoka kwa bahati mbaya. Kwa kanuni za majina ya wanyama, jina la aliyeitambulisha spishi huwekwa kwenye mabano pale tu spishi hiyo inapokuwa kwenye jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu, ndilo neno la kwanza la jina) tofauti na ile aliyoiweka yeye. Linnaeus alimweka Ardea, pamoja na koikoi. Mwaka 1855 Charles Lucien Bonaparte, mtoto wa ndugu yake Napoleon, akamtengea jenasi yake, Bubulcus, yaani mchunga ng'ombe. Mabano yakaingia. Sasa karudishwa Ardea, yametoka.

Aliyemrudisha ni vinasaba. Bonaparte na waliomfuata walitazama umbo: shingo fupi, domo fupi, ndege wa malishoni kuliko majini. Vinasaba vinaonyesha tawi lake limechipuka ndani ya Ardea kwenyewe, na uainishaji wa leo haukubali jenasi inayomwacha nje mmoja wa uzao wake. Hili unaweza kuwaonyesha wanafunzi hapo ziwani. Yangeyange mdogo, mwenye domo jeusi, miguu myeusi na vidole vya njano, ni wa jenasi Egretta. Wa ng'ombe ana domo la njano. Kwa mbali utadhani ni pacha, kumbe huyu wa ng'ombe ana undugu wa karibu zaidi na koikoi wa kijivu. Weupe umewadanganya wengi.

Kuna badiliko la pili ambalo huenda orodha yako inalo. Wale wa Asia ya kusini na mashariki hadi Australia sasa wanahesabiwa spishi ya peke yake. Majira ya kuzaliana, rangi ya chungwa huwafunika kichwa chote na shingo. Wetu hupata utosini, kifuani na mgongoni tu. Waliovuka Atlantiki na kuenea Amerika katika karne ya 19 na ya 20 ni wa spishi yetu.

Huyo wa Asia alikuwa Bubulcus coromandus, sasa ni Ardea coromanda. Hapo napo hakuna kosa: kivumishi cha Kilatini hufuata jinsia ya jenasi, kama chetu kinavyofuata ngeli. Ibis ni nomino, ndiyo maana haikuguswa. Na mwanafunzi mjanja atakuuliza kwa nini aitwe ibis wakati ibis ni kwarara. Jina lilipachikwa vibaya tangu mwanzo, lakini kanuni zinalinda jina lililotangulia, si jina linalosema kweli.

Kwenye daftari waandike Ardea ibis, na pembeni Bubulcus ibis kama kisawe, kwa kuwa orodha zote hazikubadilika siku moja. Kwenye mtihani mimi ningetoa alama kwa yote mawili. Atakayeandika Egretta ibis msahihishie: jina hilo lilitumika zamani, halitumiki tena.