Dhahabu inayogeuka bluu: maswali yenu kuhusu kupima zebaki majini

Dhahabu ni ya njano. Mbona ya maabara ni nyekundu?

Ni kwa udogo wake. Dhahabu ya kupimia zebaki ni chembe ndogo mno zinazoelea majini. Chembe za nanomita 13 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) hufyonza zaidi mwanga wa kijani, karibu na nanomita 520, ndiyo maana maji yake yanaonekana mekundu kama juisi ya rosela. Zikishikana, ufyonzaji huhamia nanomita 600 hadi 700, na wekundu hugeuka zambarau, kisha bluu.

Naomba vipimo vya kuitengeneza.

Osha flaski kwa asidi haidrokloriki sehemu 3 na nitriki sehemu 1, ndani ya kabati la kuvuta hewa, kisha suuza sana. Mchanganyiko huo usiuwekee kifuniko. Unatoa gesi na chupa inaweza kupasuka. Yeyusha miligramu 39 za asidi kloroauriki (kemikali yenye dhahabu, na molekuli 3 za maji) katika mililita 100 za maji yaliyoondolewa ioni (chembe zenye chaji, kama za chumvi). Koroga kwa sumaku mpaka itokote, kisha mimina kwa mkupuo mililita 10 za maji yenye miligramu 114 za sitreti ya sodiamu (yenye molekuli 2 za maji). Njano itapotea, weusi utaingia, kisha wekundu. Endelea kuchemsha dakika 15, iache ipoe ikikorogwa, uweke kwenye friji nyuzi 4. Ikiganda barafu, imeharibika.

Yangu imetoka zambarau tangu mwanzo.

Flaski chafu, au sitreti imetiwa kidogokidogo. Kagua pia kijiko: cha chuma huitoa dhahabu kwenye kloroauriki kabla ya wakati, tumia cha plastiki. Usihangaike kuiokoa.

Maji ya bomba yanaigeuza bluu hata yasipokuwa na zebaki. Kwa nini?

Sitreti huzipa chembe chaji hasi, na chaji hizo ndizo zinazozifanya zisukumane. Chumvi yoyote hudhoofisha msukumano huo, hasa kalsiamu na magnesiamu ya maji magumu. Dhahabu iliyovikwa sitreti peke yake haichagui metali, na anayeiita kipima zebaki anajidanganya.

Uchaguzi huletwa na kipande kifupi cha DNA chenye thimini nyingi (moja ya herufi nne za DNA), ambacho hujilaza juu ya dhahabu na kuikinga na chumvi. Ioni ya zebaki hukaa katikati ya thimini mbili na kukikunja. Dhahabu hubaki bila kinga, na chumvi huigeuza bluu. Mpangilio ni muhimu: changanya sampuli na DNA, subiri dakika 10, tia dhahabu, chumvi iwe ya mwisho. Chumvi ikitangulia, kila kichupa kitakuwa bluu. Weka vichupa vitatu: maji safi, sampuli, na sampuli iliyoongezwa zebaki ya kiasi unachokijua. Hicho cha tatu kisipobadilika, kuna kitu kwenye sampuli kinachoishika zebaki, na wekundu wa cha pili hauna maana.

Naweza kupima kisima kilicho karibu na wachimbaji wadogo Geita?

Kwa uchunguzi wa awali tu. Kipimo huona zebaki iliyo katika hali ya ioni majini. Ile ya majimaji ambayo wachimbaji hukamatia dhahabu huzama kwenye tope, na ya kwenye samaki ni methili-zebaki, yaani zebaki iliyoungana na kaboni. Tena, vipimo vingi vya kuangalia kwa macho huishia karibu nanomola 100 kwa lita, yaani mikrogramu 20 kwa lita, wakati mwongozo wa WHO kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 6. Kichupa kikibaki chekundu, peleka sampuli ileile kwenye maabara yenye mashine ya kupima mvuke baridi wa zebaki.