Kabla hujachota tope la Naivasha

Tangu maji ya Ziwa Naivasha yaingie kwenye nyumba za mtaa wa Kihoto, mjini Naivasha, mwaka 2020, wanafunzi wa jiografia na jiolojia wamekuwa wakiniuliza swali lilelile: ziwa limewahi kufika hapa? Kwa swali hilo huhitaji hata tope. Usawa wa maji ya Naivasha umekuwa ukiandikwa tangu 1908, na rekodi zenyewe zinaonyesha kuwa miaka ile ya mwanzo ziwa lilikuwa juu sana, kisha likashuka kwa miongo, watu wakajenga lilipotoka. Lakini ukitaka kujua ya kabla ya 1908, tope la chini ya ziwa, linalotulia tabaka juu ya tabaka mwaka hadi mwaka, ndilo shahidi uliyebaki naye. Nimelishika sana tope hilo, ziwani na maabara, na haya ndiyo ninayowaambia wanaotaka kuligeuza mradi wa shahada.

La kwanza huwa haliwafurahishi. Acha bomba la kuchotea tope nyumbani kwanza, nenda kaangalie maji.

Naivasha liko takriban mita 1,885 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko maziwa mengine yote ya Bonde la Ufa upande wa Kenya. Linalishwa hasa na mito Malewa na Gilgil inayoshuka kutoka upande wa Nyandarua, kwa sababu mvua inayonyesha ziwani penyewe haifidii maji yanayopaa kwa jua. Hakuna mto unaotoka. Ziwa la namna hiyo lingepaswa kuwa la magadi kama Elementaita na Nakuru, lakini ng'ombe wanakunywa na samaki wanavuliwa. Siri yake iko chini ya ardhi: sehemu ya maji inapenya kwenye miamba ya volkano na kwenda zake, ikibeba chumvi.

Ukitaka mfano wa hili, tazama Oloidien, lile ziwa dogo la kreta (shimo la volkano) upande wa kusini-magharibi. Ziwa kuu liliposhuka, Oloidien likakatika nalo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Maji yake yakaanza kuingia magadi, na baadaye heroe wakaonekana hapo. Mvua ni ileile, jua ni lilelile, umbali ni wa kutembea kwa miguu, lakini tope la maziwa hayo mawili kwa miaka hiyo linasimulia habari tofauti kabisa. Mtu atakayechota Oloidien bila kujua historia hiyo ataandika kwamba Kenya ilipigwa na ukame wa kutisha.

Kwa hiyo nawaambia hivi: tope halijui mvua. Linajua ziwa lilikuwa na kina gani, lina chumvi kiasi gani, na nani aliishi humo. Kutoka hapo hadi kwenye mvua ni hesabu yako mwenyewe, na hesabu hiyo haisimami bila kujua maji yanaingia wapi na kutokea wapi.

Inakuwa ngumu zaidi ukirudi nyuma sana. Miaka elfu kadhaa iliyopita, Afrika Mashariki ilipokuwa na mvua nyingi kuliko leo, Naivasha lilijaa hadi likamwagika kusini kupitia korongo la Ol Njorowa, lile ambalo watalii wanalitembelea Hell's Gate. Ziwa linalomwagika haliwezi kupanda tena; mvua ikiongezeka, inatoka mlangoni. Tope la kipindi hicho litakuonyesha maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, na kina kirefu, basi. Ukiona mstari umenyooka miaka mingi kwenye mchoro wako, usikimbilie kusema mvua haikubadilika.

Sasa bomba. Sehemu kubwa ya Naivasha ni ya kina kifupi, na upepo wa alasiri unalivuruga tope la chini. Ndiyo maana watafiti wamependelea kreta iliyozama kando ya Crescent Island, ambapo maji ni ya kina zaidi kuliko kwingine kote ziwani. Pale tope hutulia. Kipindi ambacho ziwa kuu lilibaki matope na nyasi, kreta ilishika maji yake na kuendelea kuandika.

Toka alfajiri. Kufikia saa nane mchana mawimbi yanaamka na mtumbwi hautulii juu ya alama, na bomba lililoingia likiwa limeinama linakupa tabaka zilizoinama. Tafuta mvuvi wa Kamere au Karagita anayejua viboko wamelala wapi wiki hiyo, umlipe vizuri, na akisema leo hapana, iwe hapana. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kianze kushughulikiwa mapema, na mwenye ardhi ya ufukweni aombwe kwa adabu kabla hajakukuta na vyuma vyako.

Linda sentimita za juu kuliko kitu chochote. Hapo juu tope ni laini kama uji, na bomba likishushwa kwa kasi linalipuliza pembeni kabla halijaingia. Utarudi na nguzo ya tope safi sana isiyo na miaka yako ya karibuni, yaani ile miaka pekee unayoweza kuilinganisha na rekodi za 1908 hadi leo. Shusha polepole, kwa mkono, na ukilitoa bomba hakikisha maji yaliyo juu ya tope ni maangavu. Yakiwa na ukungu, mwaga urudie. Kata sehemu ile ya juu palepale ufukweni, usiibebe kwenye gari kwa barabara ya Moi South Lake.

Maabara huanza na vitu vya bei nafuu. Pima uzito wa tope bichi, likaushe kwenye nyuzi 105, pima tena, lichome kwenye nyuzi 550, pima, kisha 950. Kilichopotea kwenye 550 ni mabaki ya viumbe hai, kilichopotea kwenye 950 kinatokana na chokaa. Mizani na tanuri, hakuna zaidi, na tayari unaona mahali ambapo ziwa lilibadilika. Halafu hadubini. Ukilipika tope kwenye peroksaidi ya hidrojeni, mabaki ya mimea yanaliwa na zinabaki dayatomu, mwani wenye maganda ya kioo, kila aina na nakshi zake. Nyingine hupenda maji baridi, nyingine huvumilia chumvi. Pamoja nazo kuna vichwa vya mabuu ya usubi wa majini, wale wasiouma, ambavyo haviozi kwa karne nyingi. Mimi huwa nakaa na hadubini zaidi kuliko inavyohitajika, na sijutii.

Usitegemee shahidi mmoja. Dayatomu zikisema chumvi ilipanda na usubi wakasema hivyohivyo, endelea. Wakipingana, habari iko hapo, usiifiche kwenye kiambatisho.

Kuhusu umri nitakuwa mkali: kama pesa ni kidogo, nyingi ziende hapa. Risasi-210, aina ya madini ya risasi yenye mnururisho, hupungua nusu kila miaka 22 hivi, kwa hiyo inakufikisha kama miaka 150 nyuma. Zaidi ya hapo ni kaboni-14, ambayo hupungua polepole kiumbe kikishakufa, na Bonde la Ufa lina mtego wake. Gesi ya volkano ina kaboni kongwe iliyokwisha kupoteza kaboni-14 yake. Ikiyeyuka majini, mimea ya ziwani inaijenga mwilini, na jani lililokufa juzi linapimwa likaonekana la karne zilizopita. Tafuta jani au mbegu ya mmea wa nchi kavu, hata ikibidi kuchekecha tope siku nzima kwa kipande kidogo kuliko kucha.

Mfano wa kazi iliyofanywa vizuri upo. Mwaka 2000 Dirk Verschuren, Kathleen Laird na Brian Cumming walichapisha katika jarida la Nature historia ya miaka 1,100 kutoka kreta hiyo ya Crescent Island, wakitumia tope lenyewe, dayatomu na usubi kwa pamoja. Waliona ukavu uliozidi wa leo kati ya mwaka 1000 na 1270 hivi, kisha kipindi cha maji mengi hadi karibu 1850, kilichokatizwa na ukame mara tatu: 1380 hadi 1420, 1560 hadi 1620, na 1760 hadi 1840. Kila mmoja wa hiyo mitatu ulikuwa mkali kuliko ukame wowote uliorekodiwa karne ya 20.

Wakaweka matokeo hayo kando ya masimulizi ya wazee ambayo wanahistoria walikuwa wameyakusanya katika eneo hili, ya njaa, kuvunjika kwa tawala na watu kuhama. Yalikaribiana sana. Hapa ndipo wanafunzi wanapopata joto kupita kiasi. Masimulizi yalipangwa miaka kwa kuhesabu vizazi, tope lilipangwa kwa kaboni, na kila upande unaweza kuteleza miongo kadhaa. Vipindi virefu vikilingana, hilo lina uzito. Kuhama kwa ukoo fulani mwaka fulani kukiwekwa kwenye sentimita fulani, huo ni ushabiki.

Wala Naivasha si Afrika Mashariki yote. Tope la Ziwa Edward, mpakani mwa Uganda na Kongo, linaonyesha ukavu katika karne zilezile ambazo Naivasha lilikuwa na maji. Andika jina la ziwa lako kwenye kichwa cha tasnifu, si jina la kanda.

Miaka ya mwisho itakutesa. Kamba wa maji baridi kutoka Marekani waliingizwa Naivasha 1970 na wakayala magugu ya majini. Baadaye gugu maji likaja, yakaja mashamba ya maua yanayovuta maji ya ziwa na ya visima. Kila kimojawapo kinabadilisha tope bila mvua kubadilika. Linganisha na rekodi za 1908 kwenda mbele, lakini miongo ya kabla ya maua ndiyo ya kuiamini zaidi kwa kulinganisha.

Na nguzo ukishaipasua kwa urefu, fanyia kazi nusu moja tu. Nyingine ifunge kwa plastiki, iandike upande wa juu ni upi kwa wino usiofutika, uiweke gizani kwenye baridi ya nyuzi 4. Friji ya chuo ikizimwa wakati wa likizo, awepo mtu mwenye ufunguo na namba yako ya simu.