Wasomaji Wanauliza: Amedeo Ni Jina Gani, na Babu Tutamwambiaje?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, nakaa Tabata Segerea, nina ujauzito wa miezi saba na ultrasaundi imeonyesha ni wa kiume, ndo wa kwanza. Sasa mume wangu alianzia kazi ya jikoni kwenye hoteli moja kule Kiwengwa, Zanzibar, na mpishi mkuu alikuwa Mtaliano anaitwa Amedeo, huyo ndo aliyemfundisha kazi mpaka leo yuko Masaki anapika na tunalipa kodi ya nyumba kwa ujuzi ule ule, kwa hiyo kaapa mtoto ataitwa Amedeo. Shida ni kwamba sisi Wachaga wa Rombo mtoto wa kwanza wa kiume anachukua jina la babu mzaa baba, na baba mkwe anaitwa Theofili, kila akipiga simu anauliza "Theofili mdogo hajambo?" Mama mkwe naye anasema jina hilo hajawahi kulisikia, isije ikawa la kipagani na padri akalikataa. Naomba unisaidie, lina maana gani, limetoka wapi, na huko Italia wanalitumia sana? Mama Kijacho, Tabata.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera sana, Mungu akufikishe salama. Swali lako limenifurahisha mno, na ngoja nianze na la babu kabla ya hayo mengine, manake naona ndo linakunyima usingizi. Amedeo na Theofili ni jina lile lile. Wala sikufariji, ndivyo lilivyo: Theofili limetoka kwenye Kigiriki, theos ni Mungu na philos ni mpenzi au rafiki, ndo yule Theofilo ambaye Luka alimwandikia Injili yake na Matendo ya Mitume. Amedeo limetoka kwenye Kilatini, Amadeus, ama ni kupenda na Deus ni Mungu. Yote mawili ni mpenda Mungu, tofauti ni lugha tu.

Na ushahidi upo, tena mkubwa. Yule mtunzi wa muziki Mozart, aliyezaliwa Salzburg mwaka 1756, kwenye ubatizo hakuandikwa Amadeus, aliandikwa Theophilus. Alipokuwa Italia mwaka 1770 akiwa bado kijana mdogo kabisa akaanza kujiita Wolfgango Amadeo, yaani aligeuza tu Theofili yake ikawa ya Kitaliano, na dunia nzima leo inamjua kwa Amadeus. Kwa hiyo huyo mtoto wako akiitwa Amedeo babu hajanyang'anywa kitu. Na kama mume wako anatumia jina la baba yake mwishoni, mtoto ataandikwa Amedeo, halafu jina la baba, halafu Theofili, mpenda Mungu mbele na mpenda Mungu nyuma. Mi nakushauri jambo hili lisiende kwa simu. Mume apande basi aende Rombo mwenyewe, akae na mzee wake, amweleze taratibu kabla mtoto hajazaliwa, wazee wetu wakiheshimiwa kwa kuambiwa mapema huwa wanaelewa kuliko tunavyodhani.

La upagani mtoe mama mkwe wasiwasi. Kanisa Katoliki lina Mwenyeheri Amedeo wa 9, mtawala wa Savoia, nchi ya zamani upande wa milima ya Alpi, aliyefariki tarehe 30 Machi 1472 na ndo siku anayokumbukwa. Huyu bwana alikuwa anaumwa kifafa, ugonjwa ambao mpaka leo mitaani kwetu watu wananong'ona na kuusingizia mambo, na ugonjwa ulipozidi utawala akamwachia mke wake Yolande, lakini watu walimpenda kwa jinsi alivyowahurumia maskini, inasimuliwa kwamba siku moja hela zilimwishia akauvunja mkufu wake wa thamani akawagawia. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 855, inachotaka ni jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo, sasa mpenda Mungu litakuwaje geni? Tena huko huko kwenu Kilimanjaro kuna kina Amedeus, muulize mama mkwe vizuri atakuwa anamjua hata mmoja, basi hilo ni lile lile likiwa na mkia wa Kilatini.

Kuhusu asili yake, hili ni jina la kaskazini magharibi mwa Italia, upande wa Torino na milima ya Alpi, na watawala wa ukoo wa Savoia walikuwa wanapeana jina hili tangu karne ya 11. Wa kwanza alipewa utani wa "Mkia", eti alikwenda kuonana na mfalme wa Wajerumani na msafara mrefu wa watu, akaambiwa aingie peke yake akagoma mpaka mkia wake wote uingie. Sijali kama ni kweli au hadithi, mi nimempenda. Ukoo huo huo mwaka 1861 ndo ukatoa wafalme wa Italia nzima.

Na kuna Amedeo aliyefia huku kwetu Afrika Mashariki, wengi hawajui. Amedeo, mwenye cheo cha Duke wa Aosta, jitu refu karibu mita mbili, alikuwa mwakilishi wa mfalme kwenye makoloni ya Italia huku pembe ya Afrika kuanzia 1937, Ethiopia ikiwa chini ya uvamizi, historia yenye machungu makubwa na wala siipambi. Mei 1941 akasalimu amri kwa Waingereza pale Amba Alagi, akaletwa Kenya kama mfungwa wa vita na akafariki Nairobi Machi 1942. Kaburi lake liko Nyeri, ndani ya kanisa la Wataliano, pamoja na wafungwa wenzake. Ukiulizwa jina hili lina uhusiano gani na huku, ndo huo, ila kwa mtoto mi ningemsimulia wale wengine kwanza.

Wengine wenyewe ni Amedeo Avogadro wa Torino, yule wa namba ya Avogadro, aliyesoma mahesabu ya moli kidato cha tatu hawezi kumsahau, mwaka 1811 ndo alitoa wazo lake kwamba gesi zozote zenye ujazo sawa, joto sawa na mgandamizo sawa zina idadi sawa ya molekuli. Halafu Amedeo Modigliani, mchoraji aliyezaliwa Livorno 1884 akafia Paris 1920, anayechora watu wenye shingo ndefu na macho kama lozi, kwao nyumbani walikuwa wanamwita Dedo. Na kama mumeo ni mtu wa mpira atamkumbuka Amedeo Carboni, beki wa kushoto wa Valencia, walibeba ligi ya Hispania 2002 na 2004.

Sasa umaarufu. Huko Italia siku hizi ni jina adimu, kwa hiyo mtoto wako hata akienda kusoma huko hatakuwa Amedeo wa nne darasani. Shirika lao la takwimu, ISTAT, huwa linatoa orodha ya majina 30 yanayoongoza kwa watoto wanaozaliwa, mwaka 2018 Leonardo alimpiku Francesco akakalia kiti, nyuma yao ndo utawaona kina Alessandro, Tommaso, Edoardo, Lorenzo. Amedeo hayumo kabisa. Mi naona sababu mojawapo ni lilivyokuwa jina la ikulu mno, na ufalme wenyewe Wataliano waliuondoa kwa kura Juni 1946. Lakini nikwambie kitu, nao hasa kusini wana desturi hiyo hiyo yenu ya kumpa mtoto jina la babu, ndo inayofanya majina kama haya yasipotee.

Matamshi ni rahisi, A-me-DE-o, mkazo kwenye "de" kama unavyosema Kiswahili chako. Mtaani najua watamkata wamwite Deo, na Deo tunao wengi, hatapata shida. Cha kuangalia ni tahajia: nesi atakapojaza tangazo la kizazi simama naye hapo hapo, A-M-E-D-E-O, usikubali Amodeo wala Amedeyo, halafu usikae nalo, nenda kwenye usajili wa RITA ndani ya zile siku 90, manake herufi ikikosewa kwenye cheti cha kuzaliwa itamfuata shule, NIDA mpaka paspoti na kuja kurekebisha ni viapo na foleni.

SWALI: Dada habari, mimi naitwa Andrea, ni mwanaume, nafanya kazi za kliaringi bandarini. Barua pepe za wateja wa nje nyingi zinaniita madamu. Hili jina ni la kike? Kaka wa Mbagala.

JIBU: Nzuri kaka yangu, jina lako ni la kiume tangu kwenye mzizi, Kigiriki andros ni la mwanaume, na Italia ni la wanaume mpaka leo, kina Andrea Pirlo wa mpira hao, ni mwaka 2012 tu ndo mahakama yao ya juu iliruhusu binti naye aitwe hivyo. Ila Ujerumani, Hispania na nchi za Kiingereza wamelizoea kwa wanawake, kwa hiyo hawakutukani. Weka Mr mbele ya jina lako pale chini unaposaini barua pepe, itatosha.