Karibu kwa Tabu

Jina langu ni Tabu. Mamangu alishikwa na uchungu usiku wa Ijumaa akajifungua Jumapili, na nyanyangu wa Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, aliyekesha naye muda wote huo, hakuona haja ya kutafuta jina mbali. Nilikua na kina Shida, Mashaka na Sikudhani waliopewa majina kwa mtindo huohuo, kwa hivyo utotoni sikuona ajabu yoyote. Ajabu ilikuja nilipofungua saiba pale Mwembe Tayari, mjini Mombasa, chumba kimoja, kompyuta 3 na mashine ya kutoa kopi, nikamwita mzee mmoja mchora mabango aniandikie "Tabu Saiba" juu ya mlango.

Watu walicheka. Abiria waliokuwa wakingoja mabasi ya bara walisoma kwa sauti. Rafiki yangu akaniuliza, "Mtu atoke kwake na tabu zake, aje tena kwa Tabu?" Maneno yakanichoma. Nikamwendea yule mzee, nikamkuta juu ya ngazi anachora duka la jirani, nikamwomba aje afute aandike "Tabasamu". Hakushuka. "Mwanangu, kwenye kipande chako cha utambulisho umeandikwa nani?" Nikamwambia Tabu. "Basi ndilo. Rangi yangu ishakauka." Kama ilikuwa hekima au uvivu wa kuteremka ngazi, anajua mwenyewe. Kibao kilibaki, na haukupita muda nikaona kwamba hakuna mtu anayesahau duka linaloitwa Tabu.

Kwa miaka 11 sasa nakula kwa majina na maneno ya watu. Nachapa barua za kuomba kazi, najaza fomu za serikali za mtandaoni, za eCitizen, natoa kopi za vitambulisho. Na katika kungoja kopi watu husema mengi. Wengi, hasa vijana, huishia kuniuliza swali lilelile: anti, moyo wa kazi unapatikana wapi? Mimi si mwalimu wa semina. Ninachowaambia ni kile nilichokiona pale mezani, kwamba mara nyingi mtu amekwama kwa sababu jambo lake ameliita jina lisilo lake.

Nianze na majina yenyewe, maana hapo hasara huonekana kwa macho. Leo ukifika nyumbani toa karatasi zako zote uzitandaze mkekani: cheti cha kuzaliwa, cheti cha KCSE cha kumaliza sekondari, kitambulisho, PIN ya KRA ya kodi, kadi ya NSSF ya akiba ya uzeeni. Zisome herufi kwa herufi, kama mtu anayehesabu pesa za mwenzake. Majina yetu ya Pwani yamepita katika masikio mengi kabla ya kufika kwenye karatasi. Jina la Kiarabu likiandikwa kwa herufi za Kizungu lina milango kadhaa, mara Mohamed, mara Mohammed, mara Muhammad. Khadija huyu ni Hadija kule. Abdalla hupata herufi moja zaidi kila anapohama ofisi. Majina ya Kimijikenda nayo yana ile sauti ya dz, ambayo karani aliyetoka mbali hana, kwa hivyo Kadzo anakuwa Kazo au Kajo, kulingana na sikio la siku hiyo.

Kuna kijana alikuja Alhamisi alasiri, amepata kazi, karatasi zinatakiwa Ijumaa asubuhi. Jina la baba kwenye cheti cha shule lilikuwa moja, kwenye kitambulisho jingine. Herufi 2 tu. Nilimchapia hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, akakimbia kwa wakili kuapa. Mwajiri mwingine huikubali hati hiyo. Yule wake hakuikubali, alitaka cheti chenyewe kirekebishwe, na kurekebisha cheti si kazi ya usiku mmoja. Nafasi ikaenda kwa mwingine. Fanya mapema, wakati hakuna anayekungoja. Na ukitaka kuliacha jina lako kabisa uchukue jipya, ile ni safari nyingine: hati ya kubadili jina husajiliwa, na habari hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali. Haiandikwi kwa kalamu ya saiba, hata wakikubembeleza vipi wale wanaozurura nje ya maofisi.

Kosa la pili halionekani kwenye karatasi, na ndilo linalonikera zaidi.

Kijana mwingine aliniletea wasifu wake kwenye flashi. "Mimi ni mchapakazi, najituma, naweza kufanya kazi na mtu yeyote." Sentensi hiyo nimeichapa mpaka vidole vinaijua bila mimi. Nikamuuliza, "Umewahi kufanya kazi wapi?"

"Sijawahi, anti. Niko tu."

Viganja vyake vilikuwa na sugu kama ngozi ya ngoma. "Na hizo sugu?"

"Ah, hizi ni za mkokoteni. Soko la Kongowea."

Nikamwekea kiti. Anaamka saa 10 alfajiri ili awahi malori ya bara yakishusha. Anajua kupanga makreti nyanya za chini zisipondeke. Anajua kitunguu kilicholoa njiani kwa kukigusa tu. Kuna mama mwenye hoteli ambaye kwa miaka 2 humpa pesa jioni, na asubuhi hupelekewa mboga na chenji yake bila kukanyaga sokoni. "Na hayo yote si kazi?" nikamuuliza. "Hayo ni kusukuma siku tu," akasema, na hakuwa anatania.

Kiswahili kimetupa kazi na kikatupa ajira, maneno mawili, nasi tumeyachanganya mpaka mtu aliyelowa jasho kabla ya adhuhuri anasema hana kazi. Hana ajira, sawa. Lakini ukijiambia kila siku kwamba huna kazi, huku mgongo unauma kwa kazi, moyo utautoa wapi? Tukafuta mchapakazi na kujituma, tukaandika alichofanya: kununua na kupeleka mboga kwa hoteli moja kila asubuhi kwa miaka 2, akikabidhiwa pesa taslimu na kurudisha hesabu. Mistari minne. Alipoisoma alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama huyo ni yeye. Ile kazi aliyoomba hakuipata, nisiwadanganye. Alipata ya ghala, miezi kadhaa baadaye, na mkokoteni akamwachia mdogo wake.

Wasifu ule nilimwandikia kwa Kiingereza, maana waajiri wengi ndicho wanachotaka, ingawa Katiba ya 2010 inakiita Kiswahili lugha ya taifa na tena lugha rasmi pamoja na hicho Kiingereza. Lakini maelezo niliyachukua kwa Kiswahili, na si cha redioni. Mtu akianza kunieleza kazi yake kwa lugha ya kuvalia tai, anakuwa mkubwa na mtupu. Namwambia, niambie kama unavyomwambia mamako jioni. Hapo ndipo vitunguu vilivyoloa hutokea.

Mimi mwenyewe nilicheleweshwa na jambo hili. Nyanyangu alisema Kimvita, Kiswahili cha Mombasa: mato kwa macho, ndia kwa njia, nti kwa nchi. Akikuita alisema "ndoo", yaani njoo, na mwenzangu wa shuleni, mtoto wa bara, siku ya kwanza kuitwa hivyo alimletea ndoo ya maji. Nami darasani niliandika "ndia", mwalimu akapiga mstari mwekundu, nikarudi nyumbani nikiamini kwamba nyumbani kwetu, Mombasa, hatujui Kiswahili. Baadaye nilisoma kwamba mkutano uliokubali Kiunguja, Kiswahili cha Unguja, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, mwaka 1928, ulifanyika hapahapa Mombasa. Nilicheka peke yangu dukani. Sina ugomvi na usanifu, unaniletea riziki. Ila Kimvita hicho ndicho alichotungia mshairi Muyaka bin Haji, na mstari mwekundu wa mwalimu ulinifanya nione haya kufungua mdomo kwa miaka. Lugha unayoionea haya huwezi kujielezea nayo, na usipojieleza utasema tu unajituma.

Sasa huo moyo.

Aprili 2020 Mombasa ilifungwa kwa sababu ya korona, hakuna kuingia wala kutoka, na Mei Mji wa Kale nao ukafungwa peke yake, nyanyangu akiwa ndani na mimi Likoni, ng'ambo ya feri. Saiba niliifunga. Ruhusa ilipokuja ya kurudi kazini, sikurudi. Honi ya feri ilikuwa ikinikuta kitandani. Nikiulizwa nasema sina mudi. Mwenyewe nikaiita hali ile uvivu, na uvivu dawa yake ni kujilazimisha, basi nikajilazimisha siku 3, ya 4 nikageuka nikiwa nishafika kivukoni. Dadangu akasema ni uchovu, nikalala wiki nzima, nikaamka vilevile. Mamangu akasema ni jicho la watu, tukasomewa, na kisomo kilinituliza kweli, lakini miguu haikuelekea Mwembe Tayari.

Siku moja simu ililia, nikaona jina la mwenye nyumba ninayepanga duka, tumbo likanisokota. Hapo nikajua. Nilikuwa na deni la kodi la miezi 5. Haukuwa uvivu, haukuwa uchovu. Ilikuwa aibu. Na aibu haitibiwi kwa kulala wala kwa kujilazimisha. Inatibiwa kwa kwenda kuonana na mtu uso kwa uso. Nilikwenda. Alinguruma sana, mzee wa watu, halafu tukakubaliana nilipe kidogo kidogo. Kesho yake nilivuka kabla jua halijatoka.

Ndiyo maana mtu akiniambia hana moyo, simwambii ajikaze. Namuuliza ni nini hasa. Ni woga? Wa nani? Ni kuchoka, au ni kuchoshwa? Umechoka na kazi, au na mtu mmoja pale kazini? Kila jina lina dawa yake, na dawa ya moja ni sumu kwa jingine. Na kama uzito umekaa muda mrefu, usingizi umepotea, chakula hakipiti, unaanza kufikiri kujidhuru, hiyo ni maradhi, nenda hospitali na umwambie mtu wako wa karibu leo hiihii. Saiba haina dawa hiyo.

Watu wanapenda kunitajia motisha. Nijuavyo mimi motisha ni kitu unachopewa: bosi anakupa, semina inakupa, video ya asubuhi inakupa, na magharibi imekwisha. Mimi nategemea methali tunayoirusha ovyo bila kuisikia: mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Upwa ni pale maji yanapokupwa pakaachwa wazi. Ukishuka pale Likoni bamvua likiwa limekupwa utawaona kina mama na watoto wameinama, wanaokota chaza na kome. Wao hawana nyavu wala dau, na hakuna aliyewaahidi nguru au changu. Methali inaahidi tu kwamba wali hautakuwa mkavu. Na haijamuuliza mgaagaa kama leo ana mudi. Inachomtaka ni awe ufuoni maji yakitoka, maana bahari ina saa zake na haingojei mtu ajipange.

Hilo neno nalo, kujipanga! Kila mtu siku hizi anajipanga. Nimelipiga marufuku dukani. Usiku kabla sijalala naandika kwenye kipande cha karatasi mambo 2 au 3 ya kesho, na kila jambo lazima lianze na kitenzi na liwe na kitu cha kushikwa. Siandiki "biashara" wala "kuboresha huduma". Naandika: futa vumbi mashine ya kopi. Chapa barua ya mama wa mtumba. Mpigie fundi wa wino. La kwanza liwe dogo la kuchekesha, la dakika 5. Asubuhi sifikiri, nasoma tu na mikono inaanza. Moyo huja nyuma yake kama mtoto aliyeachwa mlangoni akaona wenzake wanakwenda. Siku nyingine hauji kabisa, na karatasi humalizika vilevile.

Kibao changu bado kiko juu ya mlango. Jua la miaka 11 limeila ile T ya kwanza, haionekani tena, na wiki iliyopita aliingia mgeni, shekhe mmoja mwenye mkoba, akasalimu vizuri, akaangalia huku na huku, akauliza, "Abu yuko?"

Nikamwambia ametoka, lakini naweza kumsaidia. Usiku ule nikaandika kwenye karatasi yangu: nunua rangi nyeusi, kopo dogo.