Doa Mdomoni: Kabla ya Kutafuta Krimu, Kumbuka Dawa Ulizomeza

Doa langu lilitokea mdomo wa chini, la zambarau iliyokolea. Liliwasha na kuchoma, kisha likatulia na kubaki jeusi. Daktari wa ngozi alipolitazama, swali lake la kwanza lilikuwa: ulimeza dawa gani kabla halijatokea? Nilikuwa nimemeza kotrimoksazoli, dawa ya jamii ya salfa, na kila nilipoirudia doa lilichachamaa palepale. Huo ni mzio wa dawa, na kurudi mahali palepale ndiyo alama yake kubwa. Ibuprofeni na tetrasaiklini nazo zinaweza kuuleta. Ukishaijua dawa inayokudhuru, andika jina lake na umtajie kila anayekutibu, kwa sababu ukiendelea kuitumia madoa huweza kuongezeka.

Mengine hayana madhara. Vipele vidogo vya manjano kwenye ukingo wa mdomo ni tezi za mafuta tu, tafadhali usivikamue. Doa moja la kahawia, bapa, lililokaa vilevile miaka na miaka, mara nyingi ni rangi ya ngozi iliyojikusanya. Sigara pia hutia weusi midomo na ufizi.

Ninalosisitiza ni kutazama doa limeandamana na nini. Weusi unaoenea hadi kwenye ufizi na mistari ya viganja, pamoja na uchovu usioisha, kukonda na hamu kubwa ya chumvi, unaweza kutokana na tezi zilizo juu ya figo kushindwa kutoa homoni za kutosha. Mtoto mwenye vidoa vyeusi vingi midomoni na ndani ya mashavu apelekwe kwa daktari, maana kuna ugonjwa wa kurithi, Peutz-Jeghers, unaootesha vinyama tumboni, ndani ya utumbo. Anayeshinda juani akiona baka jeupe, kavu, lenye magamba kwenye mdomo wa chini, asilipuuze. Linaweza kugeuka saratani. Vivyo hivyo kidonda kisichopona kwa wiki 3, au doa linalokua, kubadilika rangi au kutoa damu. Hapo daktari huenda akakata kipande kidogo kikapimwe, na ni heri akikate mapema.

Midomo yote ikigeuka ya bluu ghafla na mtu anahema kwa shida, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo.

Krimu za kung'arisha midomo ziache kwanza. Lipige doa picha kwenye mwanga mzuri, uende nayo pamoja na orodha ya dawa zako.