Fumbo la maneno ambatani: mbona kila jibu ni "mwana"?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Ninatengeneza programu ya simu ya mafumbo ya maneno ambatani, yaani maneno mawili yaliyoungana kuwa moja. Mchezaji anapewa maneno matatu, anatafuta moja linaloungana na yote. Mtindo nimeutoa kwenye mafumbo ya Kiingereza. Niliingiza orodha ndefu ya maneno ya Kiswahili, nikaiachia kompyuta itunge yenyewe. Sasa majibu mengi yanatoka "mwana". Tena kompyuta inaniletea maneno ambayo si ambatani hata kidogo: "simulia" imelikata likawa "simu" na "lia". Na mmoja wa wanaonijaribia aliandika "kipaza sauti" kwa kuacha nafasi, programu ikamwambia amekosa, akakasirika. Je, Kiswahili hakifai kwa mchezo huu, au ni mimi ninayekosea?

JIBU

Marahaba. Kiswahili kinafaa, tena kina utamu wake ambao mtindo ulioazima hauwezi kuufikia. Kosa lako ni kuuleta mtindo huo jinsi ulivyo, bila kuushonea upya.

Tuanze na mtindo huo ulikotoka, maana ndiko tatizo lilikozaliwa. Mwaka 1962 mwanasaikolojia wa Marekani, Sarnoff Mednick, alieleza kipimo cha ubunifu ambamo mtu hupewa maneno matatu yaliyo mbalimbali, atafute la nne linaloyakutanisha. Mwaka 2003 Edward Bowden na Mark Jung-Beeman wakachapisha mafumbo 144 ya namna hiyo, safari hii kila jibu likiungana na maneno yote matatu na kuzaa neno ambatani au kirai kilichozoeleka. Yote hayo yalitungwa kwa Kiingereza, na Kiingereza hubandika nomino juu ya nomino bila gundi katikati. Sisi tuna gundi, ile -a unganifu inayotoa wa, la, cha na wenzake. Wanachokisema wao kwa neno moja, sisi tunasema chumba cha kulala, tone la mvua, mpira wa miguu. Gundi ikiingia, neno ambatani limetoweka. Ndiyo maana ghala letu la nomino juu ya nomino ni dogo, na anayelijaza ni mwana: mwanasheria, mwanasiasa, mwanahabari, mwanamuziki, mwanaharakati, mwanamitindo. Katika maneno haya mwana hana habari na mtoto tena. Anamaanisha tu "mtu wa shughuli fulani", na amekaribia kabisa kuwa kiambishi. Kompyuta yako haikukosea kuhesabu. Imekuta kipande kinachoshika kila kitu, ikakishangilia.

Dawa yake ni rahisi: mwana asiwe jibu kamwe. Mruhusu awe kidokezo tu. Jaribu hili:

mwana, bata, kichwa

Hapo mchezaji ataanza na mwana na kuelea, maana mwana hufungua milango mingi mno. Bata atampunguzia. Kichwa kitamfungia. Jibu ni maji: mwanamaji, batamaji, kichwamaji. Angalia jinsi maji yanavyobadilika kila mahali. Kwa mwanamaji ni bahari na kazi ya mtu, kwa batamaji ni makazi ya ndege, kwa kichwamaji ni tusi kwa mtu asiye na akili. Fumbo la aina hii linampa mchezaji furaha kwa sababu neno analolijua tangu utotoni limemgeukia mara tatu.

Utajiri wenyewe, hata hivyo, uko kwenye maneno yaliyomeza kitenzi. Kiswahili huchukua kitenzi, kikakivika m- au ki- mbele, kikakipa nomino nyuma, na hapo kinazaliwa kitu au mtu: kipimajoto, mchapakazi, mpitanjia, mvujajasho, kitegauchumi, kipandauso. Vingine havivai chochote mbele, kama zimamoto, na kama chemshabongo, ambalo ndilo jina la mchezo wako wewe mwenyewe. Orodha yako ya kwanza ilipaswa kuanzia huku.

Chukua kivunjajungu, yule mdudu anayekunja miguu ya mbele kama mtu anayeomba dua. Mara ngapi tumelitamka bila kusikia kwamba ndani yake mna vunja, na mna jungu, chungu kikubwa? Au kifaurongo, mmea ambao ukiugusa majani yake hujikunja kana kwamba umekufa. Fa, urongo. Anakufa kwa uongo! Na hapo hapo kuna zawadi ya ziada, kwa sababu wengi leo tunaandika uongo, ilhali neno la mmea limeshikilia urongo wa zamani. Mchezaji anayefungua mshono wa neno hili hasahau tena. Mimi huyapenda mafumbo ya namna hii kuliko yote, na nakushauri uyape nafasi ya mbele kwenye programu yako.

Kuna jambo moja la kiufundi hapa. Ukitoa kidokezo cha mbele, kitoe na kiambishi chake: "kipima", "mchapa", "mpita". Ukitoa "pima" tupu, mchezaji atatafuta neno linaloanza na pima na atakuwa na haki ya kulalamika. Kitenzi kitupu kiweke kwenye ngazi ngumu, na kwenye maelezo ya ngazi hiyo useme wazi kwamba kiambishi kimefichwa.

Ukishapata maneno ya jamii hii, tafuta chambo. Mpe mchezaji viwili hivi:

kifungua, kitinda

Karibu kila mtu akiona kifungua ataruka na kinywa. Kinywa kinakaa vizuri, kimezoeleka, kinatosha kumlaza. Kisha anafika kwenye kitinda na kinywa kinakataa. Jibu ni mimba: kifunguamimba ni mtoto wa kwanza, kitindamimba ni wa mwisho. Vidokezo viwili tu, lakini kimoja kinadanganya na kingine kinasahihisha. Usihangaike kutafuta cha tatu pale ambapo viwili vimeshafunga. Na usitumie kifungua pamoja na kiamsha ili kupata kinywa, kwa sababu maneno hayo mawili maana yake ni ileile na fumbo halina safari.

Sasa nije kwenye aina ya pili, ambayo hukuiuliza ila nina hakika utaitamani: daraja. Hapa neno lililofichwa linafunga la kwanza na kufungua la pili.

njia ( . . . . . ) shuka

Jibu ni panda. Njiapanda, pandashuka. Nilipolipata hili nililiandika kwenye karatasi na kulitazama kwa muda mrefu, kwa sababu panda ya kwanza na panda ya pili si neno moja. Ya njiapanda ni ile ya kitu chenye matawi mawili. Ya pandashuka ni kitenzi cha kwenda juu. Zinafanana sura tu, na daraja limejengwa juu ya sura hiyo. Zaidi ya hapo, shuka akiwa peke yake anaweza kuwa nguo ya kitandani, kwa hiyo mchezaji ana kila sababu ya kupotea kabla hajafika.

Lakini madaraja kwetu ni machache, na ni vizuri ujue kwa nini usije ukaisumbua kompyuta usiku kucha. Kipande cha nyuma huwa ni nomino tupu: joto, kazi, jasho, mimba. Kipande cha mbele kwa kawaida kimevaa kiambishi: kipima, mchapa, kitinda. Vipande hivi viwili havifanani umbo, kwa hiyo kinachofunga neno moja ni nadra kufungua jingine. Panda ameweza kwa sababu pandashuka ni vitenzi viwili vitupu. Tengeneza orodha mbili, moja ya vipande vya mbele na moja ya vipande vya nyuma, uitake kompyuta ikuletee vinavyoonekana kwenye zote mbili. Utakachopata kitajaa kiganjani. Kitunze kwa ngazi za mwisho.

Wajapani wana mchezo unaofanana na huu, na kuna kitu cha kuiga kwao. Kisanduku kimoja kitupu kinakaa katikati, herufi nne zimekizunguka, kila herufi yao ikibeba maana kama neno, na mchezaji anajaza herufi moja inayoungana na zote nne. Unaitwa kwa jina la sarafu ya kale, Wado kaichin, iliyoanza kutolewa mwaka 708, yenye tundu la mraba katikati na herufi nne pembeni. Kinachonivutia ni mishale. Kati ya kisanduku na kila herufi mna mshale unaoonyesha upande wa kusoma, kwa hiyo mchezaji anajua kama jibu linatangulia au linafuata. Weka mishale kwenye programu yako. Itaondoa malalamiko mengi kuliko maelezo yoyote utakayoandika.

Kuhusu simulia: kompyuta inaona herufi, haioni mshono. Simu ni neno, lia ni neno, kwa hiyo kwake imekata sawasawa. Vivyo hivyo itakuletea nyamaza kama "nyama" na "za", na itakuapia kwamba pilipili ni "pili" mara mbili, ilhali neno hilo lilikuja na viungo kutoka ng'ambo likiwa zima. Hakuna hila ya kompyuta ninayoiamini hapa. Kazi hii ni ya mkono. Keti na orodha, na kwa kila neno jiulize kama kila kipande kimechangia maana, hata kwa mbali. Kipimajoto kinapima joto. Batamzinga si bata mwenye mzinga, lakini ubata wake unaonekana, kwa hiyo anapita. Simulia haina simu wala kilio. Hata hivyo usiitupe. Mikato ya bahati kama hiyo inafaa mchezo mwingine kabisa, ambapo mtu anapewa "chombo cha kuzungumzia + toa machozi = hadithia". Ni mchezo mzuri, ila usiuchanganye na huu, maana mchezaji akishaona simulia kati ya maneno ambatani hataamini tena majibu yako.

Suala la nafasi linataka huruma kwa mchezaji. Kiswahili bado hakijatulia hapa. Utakuta kipaza sauti na kipazasauti, kifungua kinywa na kifunguakinywa, barua pepe na baruapepe, wakati mwingine katika gazeti lilelile. Kwa upande wa maonyesho, chagua kamusi moja uifuate bila kuyumba. Kwa upande wa kusahihisha, iagize programu iondoe nafasi na vistari, igeuze herufi zote kuwa ndogo, ndipo ilinganishe. Yule aliyekasirika alikuwa sahihi, na ningekuomba umwambie hivyo.

Ukitaka kujua kama jozi fulani imeshakuwa neno moja, itamke. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika garimoshi sauti inalemea "mo", na "ga" imepoteza uzito wake. Sema gari la moshi, utasikia uzito mara mbili. Sikio lako litakusaidia mahali ambapo maandishi yanagombana.

Bado kuna mtego wa herufi, na huu hukamata hata watunzi wazoefu wanapoweka visanduku vya kujaza. Mwana na anga vinatoa mwanaanga, a mbili zikiwa zimesimama bega kwa bega. Mwana na Adamu, kwa uandishi uliozoeleka, vinatoa mwanadamu, na a moja imemezwa. Ukihesabu herufi kwa kujumlisha vipande, visanduku vyako vitakuwa na kimoja cha ziada. Wingi nao una vituko. Kipimajoto kinakuwa vipimajoto, mbele tu pamebadilika. Mwanakijiji anakuwa wanakijiji, kijiji kikabaki kimoja. Lakini mwanamke anakuwa wanawake, na hapo vipande vyote viwili vimegeuka. Kwa sababu hiyo mimi hutunga kwa umoja peke yake, na herufi huzihesabu kwenye neno lililokamilika.

Fumbo likishakamilika, lipitishe kwenye orodha yako uone kama kuna jibu la pili. Kisha wape watu wawili ambao hawajaliona, mmoja baada ya mwingine, na usiwasaidie. Wakileta jibu tofauti linalosimama kweli, lipokee kwenye programu kama jibu halali, au badilisha kidokezo kimoja. Wakikwama, waulize walikuwa wanawaza nini walipokwama, kwa sababu humo ndimo utakapopata chambo cha fumbo linalofuata.

Nakuachia moja la kuanzia, uliweke ngazi ya kati: haki, hati. Nyuma yake kuna neno moja la herufi sita.