Protini za ubongo zinatafutwa za nini, na dagaa wanahusika?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi nasoma form five, nyumbani Ujiji, Kigoma. Tichaa wa bios katuambia wanasayansi wanachora ramani ya protini kwenye ubongo ili wajue seli zimeunganaje. Sasa kama nyaya zenyewe zinaonekana, protini za nini tena? Na kama ubongo unataka protini, si tule tu dagaa, huku tunao kibao?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na dagaa maana hapo wengi wanachanganya. Dagaa kula sana, ila protini yake haiendi kukaa kichwani ilivyo, tumbo linaivunja inabaki vipande vidogo vinavyoitwa amino asidi, alafu kila seli inajijengea protini zake kwa maelekezo ya jeni za urithi. Hizo ndo zinazotafutwa, zimekaa wapi.

Nyaya kweli zinaonekana kwa hadubini ya elektroni, 2024 ilitoka ramani ya ubongo mzima wa inzi wa matunda, seli za neva kama 139,000, kazi kubwa mno ile. Lakini ni kama reli pale Tabora, unaona njia hii inakuja Kigoma na ile inaenda Mwanza ila taa huzioni, hujui treni inaruhusiwa wapi na inasimamishwa wapi. Seli mbili zinapokutana, pale kwenye sinapsi, kuna protini upande wa kupokea, zile zinazopokea kemikali ya glutamati kwa kawaida zinaamsha seli ya pili, zinazopokea kemikali ya GABA kwa kawaida zinaituliza. Bila kujua ipi iko wapi ramani yako haikuambii mengi kuhusu kifafa, na kifafa ni ugonjwa wa ubongo jamani, sio mapepo, hata fenobabitoni wanayopewa wagonjwa inafanya kazi kwa kuipa nguvu hiyo hiyo GABA.

Wanazionaje? Wanatumia kingamwili zenye rangi inayong'aa, kila aina inanasa protini yake. Shida zimebanana mno, hadubini ya mwanga haizitenganishi, ndo 2015 mwanasayansi Ed Boyden na wenzake wa chuo cha MIT kule Marekani wakatoa njia mpya, wanaingiza kwenye kipande cha ubongo kemikali ya jamii ile ya kwenye pampasi inayonyonya maji, kipande kinavimba zaidi ya mara 4 kila upande na protini zinaachana. Mi hii naipenda kweli.

Kwa binadamu bado sana, tuna seli za neva kama bilioni 86, wanaenda kipande kwa kipande. Ukitaka kuingia huko, hesabu na kompyuta usiziache, picha ni nyingi mno kuhesabu kwa macho.